Aliye Mbele Yetu Ndiye Kazi Yetu



Wapendwa waamini, ndugu na marafiki mnaotafakari pamoja nasi juma kwa juma, leo tunapenda kugusa jambo ambalo halisemwi sana mimbarini, nalo ni namna tunavyozifanya kazi zetu za kila siku. Hatukusudii kusema juu ya uvivu, kwani uvivu umekwisha kusemwa vya kutosha na kila mmoja anaujua kwa jina lake. Twakusudia kusema juu ya kasoro inayovaa joho la bidii: desturi ya kufanya mambo mawili, matatu au hata manne kwa dakika ile ile, kisha kujisifu kwa kufanya hivyo.

Desturi hii imekwisha kupata heshima kubwa. Matangazo ya nafasi za kazi hudai mwombaji awe na uwezo wa kufanya shughuli nyingi kwa wakati mmoja. Mkuu wa ofisi humsifu karani aliyebana simu kwa bega, vidole vikichapa barua, macho yakimtazama mgeni aliyesimama mlangoni. Kijana asiyejibu ujumbe papo hapo huambiwa kwamba amelala. Hivyo taratibu tumejenga imani kwamba mtu wa kazi ni yule anayeonekana amezingirwa na shughuli pande zote.

Maoni yetu ni kwamba sifa hiyo ni ya uongo, tena ina gharama. Na jambo linalotusikitisha zaidi ni kwamba gharama hiyo kwa kawaida hailipwi na yule anayesifiwa. Hulipwa na mtu aliye mbele yake, na mara nyingi mtu huyo ni yule asiye na sauti ya kulalamika. Tunaomba msomaji atuvumilie tulieleze jambo hili hatua kwa hatua.

Kwanza kabisa yatupasa kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuwa na kazi nyingi ni jambo moja. Kuzifanya kwa dakika moja ni jambo jingine. Mkulima wa hapa kwetu Talatala, kama walivyo jirani zake wa Makwale, Ipinda na Mwaya, hana kazi moja. Ana shamba la mpunga bondeni. Ana mikakao iliyopandwa chini ya kivuli cha migomba. Ana ng'ombe wawili watatu, na akiwa karibu na ziwa huenda ana mtumbwi na nyavu. Tungekuwa watu wa ajabu kama tungemlaumu kwa hilo. Bonde la Kyela hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo ikifurika, aliyeweka matumaini yake yote katika jaruba moja hulala njaa. Kazi nyingi ni akiba ya maskini, na ni hekima ya wazee wetu.

Lakini tumwangalie mkulima huyo huyo akiwa kazini. Ardhi yake hubeba mazao mawili kwa pamoja, kakao chini na ndizi juu, ila mkono wake hubeba kazi moja. Anapolima kwa ng'ombe macho yake hayatoki kwenye mfuo, maana akigeuka kuzungumza na mpita njia jembe huruka na mfuo hupinda. Kakao yake ikishavunjwa huvundikwa kwa takriban siku tano hadi saba, hugeuzwa kwa wakati wake, kisha huanikwa juani. Na wingu likitanda, yeyote aliye karibu huacha alichoshika akakimbilia majamvi. Mpunga unapoanza kukomaa, kijana anayeamia ndege hukaa juu ya dungu akiwa na kombeo lake na kazi moja tu, kutazama. Siku hizi vijana wetu hupanda dunguni wakiwa na simu. Kundi moja la ndege haliombi ruhusa wala halingoji mtu amalize kutazama video; baada ya nusu saa shuke zimebaki nyeupe, na njaa ya mwezi wa pili au wa tatu mwakani imekwisha kupandwa.

Hali kadhalika twaweza kujifunza kwa akina mama wa Kikisi wa kijiji cha Ikombe, ng'ambo kidogo ya Matema, chini ya milima ya Livingstone. Kwa vizazi vingi wamefinyanga vyungu ambavyo huletwa kwa mitumbwi na kuuzwa sokoni Lyulilo. Mfinyanzi ana vyungu vingi vya kufinyanga katika juma, lakini udongo ulio mikononi mwake kwa saa hii ni wa chungu kimoja. Ukuta wa chungu hauna subira. Ukiuacha katikati ukashughulika na jambo jingine, unakauka upande mmoja na kupinda upande mwingine, na ufa ambao hukuuona leo utajitokeza siku ya kuchoma. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mshika mawili moja humponyoka. Tena chungu kikiponyoka hakirudi mkononi kama kilivyokuwa.

Baada ya kuona hayo, tuulize: ni nini hasa hutokea katika akili ya mtu anayejaribu kufanya mawili? Neno la Kiingereza wanalolipenda watu wa ofisini kwa desturi hii lilitokea katika ulimwengu wa kompyuta, katika miaka ya 1960. Inafaa tujue kwamba hata huko kompyuta za wakati ule hazikufanya mawili kwa pamoja. Zilifanya kipande cha kazi hii, zikakiacha, zikafanya kipande cha kazi ile, upesi kiasi kwamba jicho la mwanadamu halikuona mapengo. Kompyuta kabla ya kuiacha kazi huandika mahali ilipofikia, nayo hurudi hapo hapo pasipo uchovu wala kinyongo. Mwanadamu hakuumbwa hivyo. Akiiacha kazi katikati, sehemu ya mawazo yake hubaki nyuma. Na akirudi, hutumia muda kujiuliza alikuwa amefika wapi.

Wataalamu wameyapima hayo. Mwaka 2001 watafiti watatu wa Marekani, Joshua Rubinstein, David Meyer na Jeffrey Evans, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba kila mtu anapohama kutoka kazi moja kwenda nyingine hupoteza muda, na kadiri kanuni za kazi hizo zinavyokuwa ngumu ndivyo hasara inavyoongezeka. Mwaka 2006 David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah waliwaweka madereva katika kifaa cha kuigiza uendeshaji wa gari. Walikuta kwamba udhaifu wa dereva anayezungumza kwa simu waweza kulingana na ule wa dereva aliyekunywa pombe hadi kiwango kinachokatazwa na sheria za nchi yao. Tena simu isiyoshikwa mkononi haikuwa na nafuu yoyote. Mtafiti huyo akishirikiana na Jason Watson alirudi tena mwaka 2010 na watu 200, akitaka kujua kama wapo walio na kipaji cha kufanya yote mawili. Walipatikana asilimia 2.5, yaani watu watano. Twawaomba wasomaji wetu wakumbuke hesabu hiyo, kwa sababu kila mmoja wetu hujidhani kuwa mmoja wa wale watano.

Sasa tufike kwenye kiini cha tafakari yetu: nani hulipa?

Tuanze na dirisha la dawa katika zahanati ya kijijini. Dozi ya dawa mseto ya malaria hufuata uzito wa mgonjwa. Mtoto wa kilo 12 hupewa kidonge kimoja kwa kila mara. Mtu mzima hupewa vinne. Mtoa dawa ambaye sikio lake moja liko kwenye simu aweza kuandika nne palipopaswa kuandikwa moja, au moja palipopaswa kuandikwa nne. Yeye jioni atarudi nyumbani salama. Mama aliyepokea bahasha ile atafuata alichoandikiwa kwa uaminifu wote, maana amefundishwa kumwamini mtu wa koti jeupe. Hatusemi haya kwa kubuni hofu. Mwaka 2010 Johanna Westbrook na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Sydney, Australia, ambako waliwafuatilia wauguzi 98 wakiandaa na kutoa dawa mara 4,271 kwa wagonjwa 720. Kila muuguzi alipokatizwa, makosa yaliongezeka kwa takriban asilimia 12, na kadiri alivyokatizwa mara nyingi zaidi ndivyo makosa yenyewe yalivyokuwa mazito zaidi. Kama hali ni hiyo katika hospitali za mji tajiri wenye wauguzi wengi, tufikiri itakuwaje pale ambapo muuguzi ni mmoja.

Twende kwenye mizani ya kakao. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipanda hadi kupita dola 10,000 za Marekani kwa tani, yaani zaidi ya dola kumi kwa kilo. Hata kama mkulima hapati bei yote ya dunia, kila mkulima wa Kyela alijifunza kwamba kilo moja ni kitu. Karani anayesoma mizani huku akijibu ujumbe, akaandika 36 mahali pa 63, amemwondolea mtu kilo 27 kwa mwendo wa kalamu. Huenda kilo hizo ndizo sare na daftari za watoto watatu. Karani hakukusudia wizi, nasi hatumwiti mwizi. Lakini mfuko wa mkulima hautofautishi kati ya mwizi na mzembe.

Twende kwa wakala wa fedha. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, nayo imewasaidia watu wengi waliokuwa wakisafiri hadi mjini kwa ajili ya fedha kidogo. Lakini tarakimu moja ikikosewa na mtu anayezungumza na wateja watatu kwa pamoja, fedha ya matibabu ya bibi mgonjwa huangukia kwa mtu asiyejulikana. Twende kwa dereva wa bodaboda anayebana simu ndani ya kofia yake, au asiye na kofia kabisa, huku amempakia mama na mtoto. Twende katika darasa ambalo mwalimu anasahihisha madaftari ya darasa jingine huku akitaja somo kwa mdomo; mwanafunzi mwenye swali atainua mkono mara moja, atainua mara ya pili, kisha atajifunza kutokuinua tena.

Nasi mapadre hatuko nje ya mizani hii. Mgonjwa anayeletewa Komunyo nyumbani hakungoja juma zima ili apewe nusu ya padre. Anayekuja kuungama amekusanya ujasiri wake pengine kwa miezi, naye anastahili masikio mawili.

Katika mifano hiyo yote, wapendwa, mnaona sura ile ile. Mwenye kufanya mawili ana cheo, dirisha, kalamu, usukani au chaki. Aliye mbele yake ana mahitaji tu. Ndiyo maana hatuwezi kuliacha jambo hili kuwa suala la ufanisi ofisini pekee. Ni suala la haki. Usikivu wetu wakati wa kazi ni sehemu ya kile tunachodaiwa na mtu aliyekuja kwetu. Tukimpa nusu, tumempunja kama anayepunja kipimo cha mchele.

Pasipo shaka wapo watakaopinga, nao tuwasikilize kwa heshima.

Wa kwanza watasema: mbona mama zetu hupika, hubeba mtoto mgongoni, na papo hapo hutoa maagizo kwa watoto wengine? Mbona bibi husuka ukili huku akisimulia hadithi? Ni kweli. Vidole vya bibi vinaujua ukili, na miguu yetu inaijua njia ya kwenda kisimani. Kazi iliyokwisha kuwa mazoea haidai uamuzi, na kwa hiyo huacha nafasi kwa jambo jingine. Shida huanza pale mambo mawili yanapodai uamuzi kwa wakati mmoja. Mwangalieni bibi huyo huyo akifika mahali pa kuhesabu miyaa ili kubadili nakshi: hunyamaza, na wajukuu hungoja. Kuhusu akina mama, tunaongeza neno moja. Tusigeuze mizigo yao kuwa nyimbo za sifa. Mama anayefanya matano kwa pamoja mara nyingi anafanya hivyo kwa sababu wengine watano nyumbani wameketi. Sifa haipunguzi kuni kichwani.

Wa pili watasema: lakini mtu wa mambo mengi humaliza mapema. Na hapo tukubali ukweli ulivyo. Gloria Mark na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 2008, waliona kwamba watu waliokatizwa kazini walimaliza upesi zaidi kuliko wasiokatizwa, kwa sababu walijiharakisha kufidia muda. Lakini waliona pia kwamba watu hao walipata msongo zaidi wa mawazo, walikerwa zaidi na walijisukuma zaidi. Kumbe mbio hizo zina bei, nayo hulipwa jioni nyumbani, mbele ya mke, mume na watoto. Wengi wetu tunamjua baba ambaye ofisini ni hodari na mpole, lakini akifika sebuleni hana hata neno moja lililosalia.

Wa tatu ndio wenye hoja nzito kuliko wote. Watasema: ninyi mnatuambia tushike jambo moja, lakini hatukuchagua kuwa na kumi. Katika zahanati nyingi za vijijini mtumishi mmoja hupima wagonjwa, hutoa dawa, huchanja watoto, huzalisha usiku, kisha hujaza vitabu vya MTUHA. Mwalimu mmoja hushika madarasa mawili. Kwa hao hatuna lawama. Kumwambia mtu wa namna hiyo azingatie jambo moja pasipo kumwongezea mwenzake ni kumtwika mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Hoja yao inahamisha swali kutoka kwa mtumishi kwenda kwa wale wanaopanga kazi, nasi twaamini kwamba huko ndiko linakostahili kuulizwa.

Maandiko Matakatifu yanatupa mifano miwili ya jambo hilo. Musa alipokuwa akiamua mashauri ya watu wote kuanzia asubuhi hadi jioni, mkwewe Yethro hakumsifu kwa uchapakazi wake. Alimwambia kwamba atajichosha yeye na watu wake pia, akamshauri awateue wasaidizi. Na Kanisa la mwanzo kule Yerusalemu lilipokua, wajane wa upande mmoja wakawa wanasahaulika katika mgawo wa chakula. Tutambue nani aliyelipa gharama: wajane, tena wale wa lugha ya kigeni. Mitume hawakuahidi kukimbia zaidi. Walikiri kwamba meza na Neno ni kazi mbili, kila moja yadai mtu mzima, na watu saba wakachaguliwa kwa ajili ya meza. Huo ndio uongozi. Kiongozi anayempa mtu mmoja kazi za watu watatu, kisha akamsifu kwa kuzibeba, amejisifu mwenyewe kwa jasho la mwingine na kwa hasara ya wajane.

Katika nchi yetu tunao mfano ambao vijana wengi hawaujui. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Mwalimu Julius Nyerere akiwa Waziri Mkuu. Wiki sita baadaye, mnamo Januari 1962, alijiuzulu, na nafasi yake ikachukuliwa na Rashidi Kawawa. Kwa wengi lilikuwa jambo la kushangaza, mtu kuuacha uwaziri mkuu akiwa bado hajauzoea. Mwalimu alitaka kuijenga upya TANU, chama kilichozaliwa kudai uhuru na ambacho sasa kilihitaji kazi mpya kati ya wananchi. Angeweza kushika vyote viwili kwa mikono miwili, na hakuna ambaye angemzuia. Alipoirudia serikali, tarehe 9 Desemba 1962, alikuwa Rais wa Jamhuri. Wala hatumwiti mtu wa kazi moja: mwaka huo huo wa 1962 kilitoka kijitabu chake juu ya Ujamaa, na mwaka 1963 ikachapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Alikuwa na kazi nyingi kuliko wengi wetu. Lakini alijua kwamba kazi kubwa hudai saa yake, na kwamba kuiachia nyingine mtu mwaminifu si kushindwa.

Upande wa kusini, ng'ambo ya milima inayotutazama, karibu na Songea, wamonaki Wabenediktini wako Peramiho tangu mwaka 1898. Mahali pale pamekuwa na hospitali, uchapaji wa vitabu na mafunzo ya ufundi, kwa hiyo hawajapungukiwa na shughuli. Kinachozipanga ni kengele. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto humtaka mmonaki, akisikia ishara ya saa ya sala, aache alichoshika mkononi hata kama hakijakamilika. Watu wengine huona kwamba huo ni ukali. Sisi twaona ni uhuru: anayejua kwamba kazi ina saa yake hana haja ya kuibeba kwenye sala, na anayejua kwamba sala ina saa yake hana haja ya kuiibia kazi.

Basi tufanye nini sisi tusio na kengele ya monasteri? Tunapendekeza mambo manne, yote madogo, yasiyohitaji fedha.

Kwanza, anayehudumia watu aiweke simu mahali pasipoonekana wakati mtu yuko mbele yake. Anayepima, anayehesabu, anayeandika dozi na anayeendesha wamalize hatua iliyo mkononi kabla ya kuitika.

Pili, ikilazimu kuiacha kazi, mtu aandike kwa neno moja mahali alipofikia, kama vile mvuvi anavyofunga kamba kabla ya kuuacha mtumbwi. Hilo humwezesha kuliendea jambo jipya kwa akili nzima, na kurudi pasipo kubahatisha.

Tatu, anayepiga simu naye ana sehemu yake. Neno la kwanza liwe kuuliza: uko kazini, unaendesha, una mgonjwa? Jibu likiwa ndiyo, tukate tukangoje. Na ninyi viongozi, msimpime mtumishi kwa upesi wa kujibu ujumbe wenu saa nne asubuhi, kwani saa nne asubuhi ndipo foleni ya akina mama iko mlangoni kwake.

Nne, na hili ni letu sote: tuheshimu foleni. Tunaifahamu sana sauti ile ya mlangoni: "Hodi, samahani, nina swali dogo tu." Aliye ndani anapimwa, karani anahesabu, nasi tumeingiza kichwa. Swali letu ni dogo kweli, lakini kosa litakalozaliwa nalo huenda lisiwe dogo, na atakayeumia ni jirani yetu aliyetutangulia.

Mwishowe, tusije tukaeleweka vibaya kana kwamba twafundisha ugumu wa moyo, mtu asiitike anapoitwa na mwenye shida. Tumkumbuke Bwana wetu alipokuwa njiani kwenda nyumbani kwa Yairo. Kulikuwa na haraka ya kweli: binti mdogo alikuwa akifa, na umati ulikuwa ukisonga pande zote. Katikati ya safari ile mwanamke aliyeteseka kwa kutokwa damu miaka kumi na miwili aligusa vazi lake. Yesu hakumponya huku akiendelea kutembea na kuzungumza na Yairo. Alisimama. Aliuliza ni nani. Alimngoja mwanamke yule aseme ukweli wake wote, akamwita binti, akampa amani. Kisha akaendelea hadi kwa Yairo, naye binti yule hakupotea kwa sababu ya kusimama kule. Kwa dakika chache zile, katika umati wote ule, mwanamke ambaye kwa miaka mingi hakuwa na mtu wa kumsikiliza alipewa msikilizaji mzima.

Ndugu zangu, hatuwezi kuzuia kukatizwa, na wakati mwingine anayetukatiza ndiye mwenye haki kuliko kazi tuliyoshika. Tunachoweza ni kusimama tunaposimama. Kesho Jumatatu, mtu wa kwanza atakayefika dirishani kwetu, mezani kwetu au kwenye pikipiki yetu atakuwa hajui tumejibu ujumbe mangapi asubuhi hiyo. Atajua tu kama tulimtazama.

Tunawatakia nyote Dominika njema na juma la kazi lenye baraka tele.